Hukuisukuma Mbao, Baba

Mashine iliruka mara moja tu. Ilikuwa katikati ya paneli ya pili ya mlango, inachonga majani kwenye mninga, imetulia kabisa, na Baba ameiwekea mbao mkono wa kushoto kama alivyozoea, kiganja wazi, ili isicheze. Ghafla kisu kikaliacha jani nusu, kikakata mshazari kumwelekea yeye, kikasimama vidole viwili kutoka kwenye kifundo cha mkono wake. Hakuwahi hata kuutoa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kompyuta inayoiendesha, na neno la kwanza lililonitoka mdomoni, kabla ya kumuuliza kama ameumia, lilikuwa hili:

"Baba, umeisukuma mbao."

Walikuwepo fundi wa vitanda na fundi wa makochi, majirani zake wa Keko kwa miaka mingi, waliokuja kuishangaa mashine. Wote wawili wakamgeukia Baba. Baba akautazama mkono wake upande wa juu, kisha upande wa chini.

"Labda," akasema.

Nilivyomjua mimi, Baba si mtu wa labda. Fundi wa vitanda akajaribu kuchangamsha, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, paneli moja si mlango mzima.  Mimi nikajifanya nina shughuli na kibodi.

Baba ni fundi wa milango ya nakshi. Alitoka kusini akiwa kijana, na patasi kumi na mbili zilizofungwa kwenye kipande cha turubai, akatua Keko na hajahama. Kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto kina pingili mbili tu. Ya tatu ilichukuliwa na msumeno wa umeme kabla sijaanza shule. Kwa hiyo nyumbani kwetu mkono ule hautajwi hivi hivi. Mama huutazama kila Baba anaporudi jioni, kimya kimya, kabla hajampokea mfuko.

Nimekulia kwenye maranda ya karakana ile, na jambo la kwanza nililofundishwa pale, kabla ya a, e, i, o, u, ni alama ya chaki. Mafundi wa Keko huazimana klampu, vile vyuma vya kubania mbao zilizopakwa gundi mpaka zishikane, kwa sababu hakuna mwenye za kutosha. Leo zako ziko kwangu, kesho zangu ziko kwa jirani wa tatu. Aliyepaka gundi huchora alama ya chaki juu ya klampu. Mwenye klampu akija kuzifuata, hata akikuta karakana tupu na hakuna wa kumuuliza, hafungui. Anayeifuta alama ni yule aliyepaka gundi, peke yake, maana ndiye anayejua kama imekauka. Haya niliyajua nikiwa na miaka sita.

Mashine niliileta mimi. Jirani na ofisi yetu Kinondoni kulikuwa na mtu wa mabango aliyekuwa anafunga duka, akawa anauza mashine yake ya kuchonga kwa kompyuta, ila programu ya kuiendesha alishaipoteza. Kazi yangu ni kuandika programu. Nikamwambia Baba, nakshi ya siku nne itachongwa kwa dakika arobaini, yeye atabaki na ua la katikati tu, lile la kuumbwa kwa patasi. Alikataa, akakataa tena, kisha siku moja akasema, "Haya, ilete tuione." Nilifurahi kama mtoto.

Programu niliiandika kwa lugha niipendayo, ile ambayo kila kitu ni fanksheni: unaipa kitu, inakurudishia kingine, na katikati haigusi cha mtu. Ofisini hunitania kwamba naandika programu kama naandika dua. Uzuri wake mwingine ni kwamba haikusumbui kwa habari za memori, ile nafasi ya kompyuta ya kuwekea mambo kwa muda. Unachukua nafasi unayotaka, na ndani kuna mzoa taka anayepita kwa wakati wake. Chochote ambacho hakuna anayekitaja tena anakizoa, na nafasi yake anapewa mwingine. Lakini ile sehemu inayozungumza na mashine yenyewe ilitoka kiwandani, imeandikwa kwa lugha ya zamani iliyo karibu zaidi na chuma, na huko hakuna mzoa taka. Huko ukichukua nafasi, ni wewe wa kuirudisha. Mimi nikaziunganisha pande mbili. Kila nakshi niliyoituma ilikaa kwenye memori ya upande ule wa kigeni, na mzoa taka wangu nikamwachia maagizo: upande wetu ukiacha kuitaja, irudishe kwa wenyewe. Nilijiona mjanja. Nikaijaribu kwa nyota, kwa herufi, kwa jina la Mama. Ilichonga vizuri sana.

Baada ya siku ile ya kuruka, niliichukua paneli iliyoharibika nikaenda nayo kwangu Kimara. Nilisema nakwenda kuipima. Ukweli ni kwamba sikutaka ibaki pale watu wakiitazama na kumtazama Baba.

Jumatano Mama akanipigia simu nikiwa kazini.

"Baba yako siku hizi anashika kikombe kwa mikono miwili," akasema.

"Kwa nini?"

"Anasema mkono umeanza kumcheza. Mie nimeuangalia, sioni ukicheza. Ila yeye anasema unacheza." Akaongeza: "Na zile patasi zake kampa fundi wa vitanda. Kamwambia ua la katikati amchongee yeye."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Baba hakuwahi kumpa mtu patasi zile. Nilipokuwa mdogo niliwahi kufungulia kopo la rangi kwa moja yao, na hakuniongelesha siku mbili. Nikampigia hapo hapo. Nilitaka kumwambia jambo, ila nilipomsikia nikaanza na shikamoo, nikauliza afya, nikauliza mvua.

"Jumamosi saa nne naendelea na mlango," akasema. "Wenyewe wanausubiri."

"Baba, nisubiri nifike. Nitakuja mchana."

"Si umeshanifundisha kuiwasha? Usijali. Safari hii nitaishika mbao kwa mikono miwili. Nitailalia kabisa, isicheze."

"Usiikaribie hivyo."

"Si ulisema niliisukuma?"

 Ningemwambia nini, kwamba labda ni mimi? Labda ni neno dogo, na yeye alikuwa amelisema mbele za watu bila kumeza mate. Mimi likanishinda. Nikamwambia basi awe mwangalifu, nikakata simu, na siku nzima nilikuwa nikijichukia.

Paneli ile niliiegemeza kwenye ukuta wa jikoni, na kila nikichemsha maji ilikuwa inanitazama. Alhamisi nikapiga magoti nikaifuata kwa kidole. Mbao iliyosukumwa na mtu huacha kovu la kuchanika, nyuzi zinainuka, mstari unapinda. Mstari huu ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula, kingo kali, kina kile kile mwanzo mpaka mwisho. Kisu hiki hakikusukumwa. Kiliagizwa kwenda pale. Na anayekiagiza kisu ni programu, na programu ni mimi.

Bado sikumpigia. Nilijiambia nitafute kwanza, nisije kumchanganya mzee kwa dhana. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha siku mbili nzima. Alhamisi na Ijumaa nikijaribu nyota na herufi kwenye kompyuta yangu, namba zinatoka safi, ndani yangu kuna kisauti kinasema, unaona, huenda kweli aliisukuma. Nilikisikiliza kisauti kile kwa hamu, naona aibu kukiri.

Jumamosi asubuhi nikabadilisha mbinu. Niliandika mashine ya uongo, programu ndogo inayokaa mahali pa mashine, inasoma kila nukta ya nakshi inayotumwa, kwa mwendo ule ule wa kisu, na kuiandika kwenye kioo cha kompyuta. Kisha sikuipa nyota. Niliipa paneli yenyewe ya mlango, majani yote, maua yote.

Dakika kumi za mwanzo, nukta zilikuwa sawa. Dakika ya kumi na nne hivi, zikavurugika. Badala ya sentimita ishirini na moja, ishirini na mbili, likaja lijitu la namba lisilo na maana, likafuatwa na jingine. Nilizitazama mpaka macho yakauma. Kisha nikazigeuza kuwa herufi, kwa kujaribu tu, na zikajipanga mbele yangu: ua la tatu. Lilikuwa jina la faili langu mwenyewe, la nakshi ya paneli inayofuata.

 Ili kuokoa muda, programu yangu ilikuwa ikiandaa paneli ya mbele wakati mashine inachonga ya sasa. Maandalizi yale yalijaza memori, memori ikijaa mzoa taka anapita. Na alipopita alikuta nini? Alikuta ile fanksheni ya kutuma nakshi imeshamaliza kazi yake. Upande wa kiwandani hujibu "nimepokea" papo hapo, kisha ndiyo unaanza kusoma nukta moja moja, taratibu, dakika arobaini. Lakini upande wangu, mstari ule ukishapita, hakuna tena anayeitaja nakshi. Kwake karakana ilikuwa tupu. Akafuata maagizo yangu, akairudisha memori, wenyewe wakampa mwingine, na mashine ikaendelea kusoma pale pale, sasa inasoma jina la faili na kulipeleka kwenye kisu. Nyota na herufi zilikuwa fupi mno. Zilikwisha kabla hajapita, na paneli ya kwanza ilipona kwa bahati tu, nafasi yake haikuwahi kupewa mwingine.

Nilikuwa nimefungua klampu gundi ikiwa mbichi. Mimi, niliyekulia Keko.

Nikatazama saa. Saa tatu na dakika hamsini.

Nilimpigia Baba, simu ikaita mpaka ikakata. Akiwa kazini huiacha kwenye mfuko wa shati, na shati liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikampigia fundi wa vitanda, hapatikani. Nikampigia Mama, akasema Baba ametoka tangu saa mbili, kuna nini? Nikasema hakuna kitu. Nilishuka nimevaa kandambili, nikamwambia bodaboda wa kona yetu, Keko, na usiniulize lolote.

Kutoka Kimara mpaka Keko ni Ubungo, Mandela, Tazara, halafu unaingia Chang'ombe. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu moja tu. Akiwasha saa nne kamili, majani ya kwanza yanachukua dakika kumi na nne. Akianza na chai, kuna nafuu. Akianza mapema, kama alivyo, hakuna. Pale Tazara foleni ilikuwa imesimama. Nikamwambia braza wa bodaboda apite pembeni, akasema pembeni kuna trafiki, nikamwambia baba yangu anakatwa mkono. Hilo sikupanga kulisema. Akapita pembeni.

Mlio wa ile mashine naujua. Niliusikia kabla hatujasimama.

Baba alikuwa ameilalia mbao kweli. Kifua kimeinama, viganja vyote viwili vimebana paneli, vidole tisa na nusu, na kisu kikipita mbele yake na kurudi, kikitupa unga mwekundu kwenye mikono yake. Fundi wa vitanda na wa makochi walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Mtu akishtuka hugeuka, na akigeuka mwili unafuata. Kitufe chekundu cha kuzima kilikuwa upande wa pili, karibu na kibodi. Nilikiweka pale mwenyewe, mahali ninapofikia mimi. Mwenye mkono kwenye kisu hakifikii. Nilipita nyuma ya Baba, kati ya mgongo wake na rundo la mbao, nikibana pumzi nisimguse. Kwenye kioo niliona kazi imefika dakika ya kumi na moja.

Nikakibonyeza.

Kisu kikaacha kuzunguka taratibu. Baba akainua kichwa, nyusi zake zimejaa vumbi.

"Nani kakwambia uzime? Itaacha kovu hapo."

"Toa mikono, Baba."

"Sijaisukuma. Nimeishika vizuri, waulize hawa."

"Tafadhali toa mikono."

Akaitoa. Nikashika meza. Fundi wa vitanda akasema, "Mwanetu, kaa kwanza unywe maji." Sikukaa, hata shikamoo yake sikumpa. Nilijua nikikaa sitasema.

"Ile siku hukuisukuma mbao, Baba," nikasema. "Ni mimi. Programu yangu ilikuwa inairudisha memori wakati mashine bado inaisoma. Hapo ulipo, zilibaki dakika tatu irudie tena."

Hawakuelewa, nikaona. Nikatazama huku na huku, na pale ukutani kulikuwa na fremu ya dirisha imebanwa klampu nne, kila moja na chaki yake.

"Nimefungua klampu," nikasema nikiionesha. "Kila siku naifungua kabla gundi haijakauka. Niliona hakuna mtu, nikadhani kazi imekwisha. Sikuweka alama."

Hapo walielewa wote watatu. Fundi wa makochi akaguna, akatazama chini. Kwa watu wale ningekuwa nimeiba ingekuwa afadhali.

"Kwa hiyo sikusukuma," Baba akasema.

"Hukusukuma."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mkono wako haukuhusika. Nilikusingizia mbele yao, na nilipoanza kushuku nikanyamaza. Nisamehe, Baba."

Hakusema amenisamehe. Aliipangusa mikono kwenye suruali, mmoja kisha mwingine, akavuka ua mpaka kwenye karakana ya vitanda. Fundi wa vitanda akamfuata haraka. Nilimsikia Baba akisema, "Bwana, naomba zile patasi zangu," na yule akijibu, "Nilikuwaga nakungojea uje uzichukue, sijazifungua hata kamba." Akarudi na turubai lake kwapani. Kisha akatoa chaki mfukoni, akachora alama kubwa ubavuni mwa mashine.

"Isiguswe na mtu," akawaambia. Halafu akanigeukia. "Gundi yako bado mbichi, mwanangu. Ikikauka utaifuta mwenyewe."

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo kwa namna ya kutia hasira. Programu sasa inasubiri upande wa kiwandani useme umemaliza kusoma, na baada ya hapo kuna mstari mmoja usiofanya kazi yoyote isipokuwa kuitaja ile nakshi kwa jina. Ndiyo chaki. Mradi mstari ule uko mbele, mzoa taka akipita anaona kuna anayeitaja, anaiacha. Kitufe chekundu nimekihamishia upande wa Baba, na mbao tunaibana kwa klampu, nne, mbili za kuazima. Niliichonga paneli ile ile mara tisa kwenye mbao za hovyo, mara tatu programu ikiandaa mizigo mizito kuliko ya kawaida ili mzoa taka apite mara nyingi, kabla sijachukua kitambaa na kuifuta alama. Mlango ulikwisha. Ua la katikati alilichonga Baba kwa patasi, na mtu yeyote anayejua nakshi akilitazama anajua kwamba mkono uliolichonga hauna tatizo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuwasalimia. Mama akatumiminia chai, na Baba akakichukua kikombe chake kwa mikono miwili. Mama alinitazama. Nikangoja ainywe, nikidhani labda ni moto tu, lakini mpaka chai ilipopoa mikono yote miwili ilikuwa pale.

"Baba," nikasema, "hukuisukuma ile mbao."

"Umeshaniambia," akasema, akakiinua tena, taratibu, kwa mikono miwili.